UZI: Mtoto wetu alimeza dawa ya kifafa miaka minne, kumbe kilichokuwa kinazimika ni moyo

Mwalimu wa Nyawera

Wadau, uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite salama, hatagombwa. Nafundisha biolojia sekondari hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, si daktari. Haya ninayoyaandika nimeyalipia kwa kukesha, na kwa aibu pia, kwa sababu nilikuwa nayafundisha ubaoni kwa watoto wa watu huku nyumbani kwangu yananipita mbele ya macho.

Marehemu kaka yangu ametuachia msichana. Tumwite Binti. Leo ana miaka 13, alianza kuanguka akiwa na 9. Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ile ya kwetu isiyobisha hodi. Radi ikapiga nyuma ya kilima, mtoto ameshika sahani ya sombe (kisamvu). Sahani ikatangulia, yeye akafuata. Akakakamaa, mikono ikatikisika, macho juu, akajikojolea. Kabla mke wangu hajamaliza kuita majirani, mtoto ameshaketi, anauliza: "Sombe yote imemwagika?"

Mnajua kilichofuata. Jirani wa kwanza akasema kifafa, tusimguse, povu linaambukiza. (Povu lenyewe halikuwepo, na hata lingekuwepo haliambukizi.) Jirani wa pili akasema hiyo radi imetumwa, tufikirie tuna kesi ya shamba na nani. Tukaenda kituo cha afya, wakatusikiliza dakika tano, wakaandika Gardenal, dawa ya kifafa (fenobabito).

Kidonge kila jioni, miaka minne. Darasani mtoto akawa mzito, mwalimu mwenzangu aliniambia, "Binti yenu analala macho wazi." Na bado alianguka. Radi. Honi ya pikipiki iliyopita karibu. Mlango uliobamizwa na upepo. Zaidi ya yote, simu yangu alfajiri: ikilia tu saa kumi na moja, tunasikia kishindo chumba cha pili. Mimi, msomi wa nyumba, nikaweka mlio mkali zaidi ili azoee. Hilo bado linaniuma.

Aliyetufungua macho ni daktari kijana, bado yuko kwenye stashi (mafunzo ya kazi). Hakuuliza kama alitikisika. Aliuliza mawili tu: akianguka anageuka rangi gani, na akiamka inachukua muda gani mpaka ajue yuko wapi. Mke wangu akajibu, "Midomo inapauka kama amepakwa majivu. Na akiamka, ameamka." Kijana akaweka kalamu chini. "Huyu amewahi kufanyiwa elektro ya moyo?"

Hakuwahi. (Elektro ni kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi.) Naendelea chini, nachaji simu kwanza, umeme umerudi.

Fundi Simu Kadutu

Mwalimu tunakufwata. Lakini mi niko na swali. Mutu anaanguka, anatetemeka, anajikojolea, na bado munasema haiko kifafa? Sasa kifafa njo gani? Mutoto wa dada yangu anaangukaka vile vile.

Mwalimu wa Nyawera

Fundi, swali lako ndilo lililonipoteza mimi miaka minne. Tunadhani kutikisika ni sahihi ya kifafa. Si kweli. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache, kwa sababu yoyote ile, mwili unaweza kutikisika. Mwaka 1994 watafiti huko Ujerumani waliwazimisha kwa makusudi vijana wazima, waliojitolea wenyewe, kwa kuwachuchumaza, kuwahemesha haraka na kuwasimamisha ghafla, wakawarekodi kwa video. Kati ya 42 waliozimia kabisa, 38 walitikisika. Hakuna mwenye kifafa hata mmoja.

Halafu mwaka 2000, Manchester, Uingereza, walichukua watu 74 waliokuwa wakitibiwa kifafa bila kupona, au ambao daktari alianza kuwatilia shaka. Wakawapima moyo na mishipa. 31 kati yao shida ilikuwa huko, si kichwani. Soma tena: 31 kati ya 74. Hao walikuwa na skana na wataalamu. Sisi tuna kituo cha afya na dakika tano.

Mambo yanayotofautisha, kwa lugha ya nyumbani: mwenye kifafa mara nyingi anageuka bluu, anauma ulimi pembeni, anatikisika dakika moja au mbili, na akiacha anabaki amechanganyikiwa, analala, haelewi. Anayezimia kwa sababu ya moyo anapauka, anaanguka kama gunia lililokatwa kamba, anatikisika kidogo, na damu ikirudi anarudi nayo. Si sheria ya chuma. Kujikojolea hakusemi lolote, kunatokea kwa wote wawili.

Sasa karatasi. Tulifanya elektro mchana, nikaja nayo nyumbani usiku. Umeme hakuna. Nikaiweka mezani, mke wangu akashika tochi ya simu, Binti mwenyewe akashika rula. Ni karatasi ya waridi yenye vijisanduku. Inatembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kijisanduku kidogo cha milimita moja ni sekunde 0.04. Kila pigo la moyo linachora kilima kidogo (P), kisha mkuki mrefu wenye herufi tatu, Q, R na S, kisha kilima kipana (T). Mkuki ni moyo kujikamua. T ni moyo kujichaji tena kabla ya pigo lijalo.

Unahesabu kutoka mwanzo wa Q hadi mwisho wa T. Urefu huo unaitwa QT, na ugonjwa wa kuwa nao mrefu mno ndio unaoitwa QT ndefu. Binti alihesabu kwa sauti: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mara 0.04, sekunde 0.52. Kutoka mkuki hadi mkuki, vijisanduku 22, yaani 0.88. Kuna kanuni ya Bazett ya mwaka 1920: gawanya namba ya kwanza kwa kipeuo cha pili cha ile ya pili. Kipeuo cha 0.88 ni karibu 0.938. Jibu: 0.554.

Kwa mwanamke, inayozidi 0.46 madaktari wanaanza kuikunjia uso. Ikizidi 0.50 hawacheki tena. Mke wangu aliniuliza, "Ni nyingi?" Nikamwambia betri imekwisha, tulale.

Muuguzi Bagira

Mwalimu unaandika vizuri ila unatisha watu. Nimekaa wodini miaka 11. Wengi wanaoletwa hapa kwetu wakitikisika wana kifafa kweli, au malaria iliyopanda kichwani. Kuna waliochelewa kulia walipozaliwa. Kuna wale ambao mabuu ya tegu wa nguruwe yamewafikia ubongoni. Kule Ituri na Bas-Uele kuna kifafa ambacho watafiti wanakihusisha na ile minyoo ya upofu inayoletwa na usubi wa mitoni, na ndiyo maana wanasukuma ivermectin igawiwe vizuri. WHO, shirika la afya duniani, wanasema karibu watu milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi 70 kwa 100 wangeishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabito hiyo ya Gardenal inatuliza watu tangu 1912. Usiifanye adui.

Mama Furaha

Kwa hiyo mimi mtoto wangu yuko mwaka wa sita na Gardenal. Leo jioni nisimpe?

Mwalimu wa Nyawera

Mama Furaha, MPE. Tafadhali mpe leo na kesho. Gardenal ikikatwa ghafla mtu anaweza kuingia kwenye kifafa kisichokoma, na hicho kinaua. Hata Binti alipunguziwa polepole, wiki baada ya wiki, daktari akiangalia. Muuguzi yuko sahihi kabisa na namshukuru kwa kunivuta shati. Sijasema kifafa hakipo. Nasema kabla ya kumpa mtu jina la kifafa, apigwe elektro moja. Ni dakika kumi.

Muuguzi Bagira

Hapo sasa tunaelewana. Nyongeza: hiyo Bazett inadanganya moyo ukienda mbio. Mtoto mwenye homa au aliyetoka kulia, namba inapanda bure. Mpime akiwa ametulia.

Mwalimu wa Nyawera

Asante Docta (kwangu muuguzi wa miaka 11 ni docta).

Sasa niende kwenye kile kilichonifanya nirudi kwenye madaftari yangu ya chuo. Kwa nini radi? Kwa nini simu? Kwa nini mtoto huyu haanguki akicheza mpira?

Seli ya moyo na seli ya ubongo ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinaishi kwa umeme, na umeme wenyewe si waya, ni chumvi. Sodiamu imejaa nje, potasiamu imejaa ndani, na kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili usiku na mchana. Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957. Kwenye utando wa seli kuna milango. Ya sodiamu ikifunguka, seli inawaka. Ya potasiamu ikifunguka, seli inazima na kujichaji. Ubongo ukiwaka bila breki, hicho ni kifafa. Moyo ukichelewa kuzima, ile T inasogea mbali, na pigo lijalo linaweza kuangukia pale moyo haujawa tayari. Hapo vyumba vya chini vinaanza kutetemeka badala ya kusukuma, na mkuki unajipindapinda kwenye karatasi kama utepe. Mfaransa Dessertenne aliupa jina mwaka 1966, torsades de pointes. Likikoma lenyewe, mtoto anauliza sombe iko wapi. Lisipokoma, ni msiba.

Huko ndani kuna mlango mmoja wa potasiamu unaoitwa hERG. Jina lake lina kichekesho. Miaka ya 1960 huko Marekani waliona inzi wa matunda ambao wakipewa dawa ya usingizi ya etha miguu inawatetemeka kana kwamba wako dansini, wakaiita jeni yao jina la dansi, ether-à-go-go. Mwaka 1994 Warmke na Ganetzky wakaitafuta ndugu yake kwa binadamu. Waliipata wapi? Kwenye vinasaba vilivyotoka hipokampasi, sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata timu ya Keating ikaonyesha kwamba jeni hiyohiyo, iliyoko kromosomu ya 7, ikiharibika inaleta QT ndefu ya aina ya pili. Yaani inzi anayetetemeka aliwapeleka kwenye ubongo, na ubongo ukawapeleka kwenye moyo. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kila aina ina kichocheo chake. Schwartz na wenzake mwaka 2001 walikusanya wagonjwa 670. Aina ya kwanza, matukio 62 kwa 100 yalikuja kwenye mazoezi, hasa kuogelea. Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunawajua vijana waogeleaji hodari waliozama maji yakiwa shwari. Sisemi wote, lakini tangu niisome nawaza. Aina ya tatu inapenda usingizini. Aina ya pili inapenda mshtuko wa hisia, na hasa sauti ya ghafla: simu, kengele, mlango.

Radi.

Fundi Simu Kadutu

Hapa kwetu radi haikosekane mwalimu. Huyo mutoto alizaliwa pahali pabaya.

Mwalimu wa Nyawera

Fundi hujui ulivyolenga. Mwaka 2016 walichapisha hesabu ya radi za dunia kwa kutumia miaka 16 ya setilaiti. Ziwa Maracaibo la Venezuela ni la kwanza, mimweko 233 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Ya pili duniani ni Kabare. Kabare yetu hii, ukipanda kilima tu umefika. Mimweko 205.

Mwanafunzi UOB

Mwalimu, jeni ya mtoto mliipima? Na kama amerithi nzima moja na mbovu moja, si angebaki na nusu ya milango? Nusu haitoshi?

Mwalimu wa Nyawera

Jeni hatujaiona. Daktari wa moyo alitazama umbo la T na vichocheo, akasema vinaelekea aina ya pili, na matibabu hayasubiri jeni.

Swali lako la nusu ni zuri, wanafunzi wangu wote wanakwama hapo. Mlango mmoja wa hERG unaundwa kwa mbao nne zinazofanana. Nusu ya mbao kwenye karakana ni mbovu. Okota nne bila kuchagua: nafasi ya kupata zote nzima ni nusu mara nusu mara nusu mara nusu. Moja kati ya 16! Kwa mabadiliko yale ambayo ubao mmoja mbovu unaharibu mlango mzima, mtoto habaki na nusu, anabaki na chenji. Mabadiliko mengine ni ya upole zaidi, ubao mbovu haufiki hata kwenye kuungwa, huyo ndiye anabaki na nusu.

Na kuna jingine. Protini hizi zinaundwa ndani ya retikulamu ya endoplazimu, ambayo darasani naiita karakana. Humo kuna wakaguzi. Protini iliyokunjwa vibaya hairuhusiwi kutoka. Inazuiwa kisha inavunjwavunjwa. Mabadiliko mengi ya aina ya pili ni ya namna hiyo: mlango haufiki ukutani. Maabara walilea seli zenye baadhi ya mabadiliko hayo kwenye nyuzi 27 badala ya 37, milango ikapita ukaguzi, ikafika kwenye utando, ikapitisha potasiamu. Kumbe mkaguzi alikuwa anakataa mali ambayo ingefanya kazi. Huwezi kumweka binadamu kwenye nyuzi 27, lakini ndiyo maana watu wanatafuta dawa za kuzisindikiza protini hizi zipite. Tangu 2011 wanachukua ngozi ya mgonjwa wa aina ya pili, wanairudisha seli nyuma hadi utotoni kwa njia ya Yamanaka, mtafiti wa Japani, wanaigeuza kuwa seli za moyo, nazo zinadunda kwenye kisahani na QT yake ndefu vilevile. Wanajaribia dawa hapo badala ya kumjaribia mtoto.

Mtoto wa Kinkina

Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya kinkina. Baba alikuwa anamenya magome, mikono yake ilikuwa na uchungu hata akikupa muhogo unasikia kwinini. Dawa zipi huyo mtoto anakatazwa? Maana hapa tunameza kwinini kama maji.

Mwalimu wa Nyawera

Ndugu, umenipeleka nilipotaka kwenda tangu mwanzo. Kaa chini.

Wasio wa huku: kinkina ni mti wa Andes uliokubali vilima vya Kivu tangu wakati wa Wabelgiji, na hapa Bukavu Pharmakina wametengeneza kwinini kwa miaka mingi kutokana na magome hayo. Kwenye gome hilohilo kuna pacha wa kwinini, kwinidini. Atomu zilezile, idadi ileile, mpangilio tofauti.

Mwaka 1912 mfanyabiashara Mholanzi alikwenda kwa daktari Wenckebach, moyo wake unadunda ovyo. Daktari akamwambia hana la kufanya. Yule mzee, aliyeishi nchi za malaria, akasema: kesho nitarudi moyo umetulia. Akameza gramu moja ya kwinini, kesho yake akarudi na mapigo yamenyooka. Wenckebach alikiandika kisa hicho mwaka 1914, na mwaka 1918 Mjerumani Frey akaonyesha kwamba kwa kazi hiyo pacha yule, kwinidini, ni mkali zaidi. Kwa miongo mingi ndiyo ikawa dawa ya mapigo ovyo.

Lakini wagonjwa wengine waliopewa wakawa wanaanguka na kutikisika. Mwaka 1964 Selzer na Wray wakawanasa kwenye elektro: ni moyo. Kwinidini inaziba mlango wa potasiamu. Dawa ya mapigo ovyo ilikuwa inaleta mapigo ovyo mabaya zaidi. Kwinini yenyewe inavuta QT pia, kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo mtu mwenye moyo mzima haimshitui. Kwa Binti ni kuongeza maji kwenye mtungi uliojaa.

Sasa sikiliza hii. Kuna watoto wachanga wenye kifafa kikali ambao mlango wao mwingine wa potasiamu, jeni KCNT1, umefunguka kupita kiasi. Kwinidini inaziba milango ya potasiamu, si ndiyo? Mwaka 2014 ikaripotiwa kwamba mtoto mmoja wa namna hiyo alipewa akapata nafuu kubwa. Kila mtu akafurahi. Mwaka 2018 wakafanya jaribio kwa utaratibu, watu wazima na vijana sita wenye kifafa cha jeni hiyo: hakuna aliyepata nafuu, na wa kwanza wawili QT ilirefuka mpaka dozi ikabidi ipunguzwe. Huwezi kuziba mlango wa ubongo ukauambia moyo ugeuke usione. Gome alilomenya baba yako limekwenda malaria, likaenda moyoni, likajaribiwa kwenye kifafa, na kila mahali linabisha mlango uleule.

Dawa alizokatazwa Binti, kama tulivyoandikiwa: kwinini, halofantrini, eritromisini, flukonazoli, domperidoni ile ya kichefuchefu, na orodha nyingine ndefu. Ziko nyingi kwa sababu tundu la hERG ni pana na lina kuta zinazonata, molekuli nyingi zinakwama humo. Kuna dawa ya mafua ya mzio, terfenadini, iliondolewa sokoni Marekani kwa ajili hiyo, na leo dawa mpya hupimwa kwenye mlango huu kabla ya kuuzwa. Akipata malaria kali, daktari ajulishwe mapema; kwa bahati WHO tangu 2011 wanapendekeza sindano ya artesuneti badala ya kwinini hata kwa watoto, baada ya utafiti wa watoto 5,425 wa Afrika: waliokufa walikuwa 8.5 kwa 100 kwa artesuneti, 10.9 kwa kwinini. Kuhara na kutapika pia tunavichukulia kwa uzito, potasiamu inatoka nayo. Ndizi, avoka na maharage havikosekani mezani.

Kinachomtibu ni propranololi, kidonge cha kawaida cha famasi. Kinamkinga na adrenalini, radi ikipiga moyo usikurupuke.

Sina Haraka

Wazungu wana jeni, sisi tuna karuho, ile sumu ya kuwekewa. Mwalimu unajifanya hujui? Mtu mzima anaamka usiku, anaanguka, anakufa, hakuna jeraha. Hiyo ni potasiamu?

Mwalimu wa Nyawera

Nilisita kuandika hili. Umeniuliza, nakujibu.

Kaka yangu, baba yake Binti, alikuwa na miaka 34. Usiku mmoja kulisikika kishindo mtaani, akaruka kitandani, akasimama, akashika fremu ya mlango, akaanguka. Alitikisika kidogo. Hakuamka. Jioni yake alikuwa amekunywa kwa rafiki yake wa utotoni. Tukasema karuho. Mimi nilisema, kwa mdomo wangu, matangani, na watu wakanisikiliza kwa sababu nimesoma. Rafiki yule alihama kata. Watoto wake wakaacha kusalimiana na wa kwetu.

Daktari wa moyo alipouliza, "Katika ukoo kuna aliyekufa ghafla kijana?" mke wangu alinitazama. Sikuweza kujibu, alijibu yeye.

Kaka hakupigwa elektro, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini ugonjwa huu unarithiwa, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Tulipimwa wote tuliobaki. Mimi nimetoka salama. Dada yangu mmoja QT yake ni ndefu, hajawahi kuzimia hata siku moja, naye yuko kwenye kidonge. Rafiki wa kaka nilimwendea mwezi uliopita na mbuzi. Alinifungulia. Mbuzi alimkataa, chai alinipa.

Muuguzi Bagira

Pole sana Mwalimu. Wenye historia kama hiyo nyumbani, msisubiri mtu aanguke. Na aliyezimia akiwa anakimbia, anaogelea, au ameshtushwa na sauti, au aliyezaliwa kiziwi kisha akawa anazimia, huyo elektro yake isikose. Ya uziwi iliandikwa tangu 1957 huko Norway, Jervell na Lange-Nielsen, familia moja yenye watoto wanne wa namna hiyo.

Sina Haraka

Pole Mwalimu. Sikujua.

Mama Furaha

Mwalimu, na Binti?

Mwalimu wa Nyawera

Huu ni mwezi wa saba hajaanguka. Gardenal imekwisha, na anaongea darasani mpaka nimeletewa malalamiko. Simu yangu sasa alfajiri inatetemeka tu, chini ya mto wangu. Juzi mvua ilikuja na yake, ikapiga mara tatu mfululizo karibu na nyumba. Sote tulimgeukia. Alikuwa anamenya viazi. "Mnaniangalia nini?"

Fundi Simu Kadutu

Mwalimu, narudi. Tulipelekaka mutoto wa dada yangu kwa elektro leo. Niliuza simu moja ya mteja aliyeikimbia. Niko na karatasi hapa, nimehesabu kumi na tano. Naogopa.

Mwalimu wa Nyawera

Tulia kwanza. Ulianza kuhesabu wapi?

Fundi Simu Kadutu

Kwa ile kilima kidogo ya kwanza.

Mwalimu wa Nyawera

Hiyo ni P, iache. Anzia pale mkuki unapoanza.

Fundi Simu Kadutu

Basi kumi. Nimerudilia mara mbili. Kumi.

Mwalimu wa Nyawera

Na mkuki hadi mkuki?

Fundi Simu Kadutu

Makumi mbili.

Mwalimu wa Nyawera

0.40 gawanya kwa kipeuo cha 0.80. Inakuja karibu 0.447. Kwa msichana iko ndani ya mpaka. Hiyo haifuti kila kitu, karatasi moja inaweza kukosa, ila huenda wa kwenu ni kifafa kweli. Aendelee na kidonge chake, na daktari aione karatasi yenyewe, si hesabu yangu ya simu.

Fundi Simu Kadutu

Sawa mwalimu. Nitamupelekea juma ya kwanza. Sasa nimeibandika ukutani kwa dirisha, isipotee.

Mwalimu wa Nyawera

Itoe hapo! Karatasi hiyo inachorwa kwa joto, jua linaifuta. Piga fotokopi leo, ile ya kwanza ya Binti nusu yake imeshabaki nyeupe.